Mo Ibrahim: mhandisi wa simu aliyekuja kuongoza Celtel

Mohamed Ibrahim, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mo Ibrahim, ni mhandisi wa mawasiliano mzaliwa wa Sudan na mwanzilishi wa Celtel, kampuni ya simu za mkononi iliyoingia Malawi mwaka 1999. Jina la Celtel limeshatoweka mabangoni: mwaka 2008 liligeuzwa kuwa Zain, na mwaka 2010 likawa Airtel. Hata hivyo mtandao ni ule ule uliokuwa ukikua chini ya majina hayo yote. Mkaazi wa Dzaleka ampigiaye ndugu yake aliyeko Uvira kwa laini ya Airtel, na mfanyabiashara wa Lilongwe anayelipwa kwa Airtel Money, wote wawili wanatumia nyumba ambayo msingi wake uliwekwa na mhandisi huyu pamoja na wenzake.

Makala haya yanaeleza alikotoka, namna uhandisi ulivyomfikisha kwenye uongozi wa kampuni, na maamuzi yaliyoitenganisha kampuni yake na nyingine za wakati wake. Yanaeleza pia kwa nini historia hii ina uzito kwa wasikilizaji na wasomaji wetu wa Dzaleka, ambako wako vijana wenye ujuzi wa kompyuta lakini milango ya ajira imefungwa kwa sheria.

Utoto na masomo

Mo Ibrahim alizaliwa mwaka 1946 kaskazini mwa Sudan, katika jamii ya Wanubi wanaoishi kandokando ya Mto Nile. Angali mtoto, familia yake ilihamia Misri, katika mji wa bandari wa Alexandria, ambako baba yake alipata kazi ya ukarani katika kampuni ya pamba. Huko ndiko alikosoma hadi akapata shahada ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Alexandria.

Baada ya masomo alirejea Sudan akafanya kazi katika shirika la simu la taifa. Zama hizo simu maana yake ilikuwa waya: nguzo barabarani, kamba za shaba, na chumba cha mitambo ambamo mafundi waliunganisha wapigaji. Mtu asiyefikiwa na nguzo hakuwa na simu, na asiyekuwa na jamaa mwenye cheo angeweza kusubiri miaka mingi kabla ombi lake halijajibiwa.

Mwaka 1974 alikwenda Uingereza kuendelea na masomo. Alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Bradford, kisha shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Utafiti wake ulihusu mawasiliano ya redio kwa vyombo vinavyotembea, somo ambalo wakati huo lilionekana la pembeni, kwa kuwa hapakuwa bado na simu za mkononi sokoni. Baadaye alifundisha vyuoni kwa muda kabla ya kuingia katika kazi iliyobadili maisha yake.

Namna mtandao wa simu unavyofanya kazi

Ili kuelewa ujuzi wa Ibrahim, inafaa kueleza kwanza kile alichokuwa akikihesabu.

Mawimbi ya redio ni mali adimu. Serikali huigawia kila kampuni masafa machache tu, na watu wawili wakizungumza kwa masafa yale yale mahali pamoja, sauti zao huvurugana. Kama mnara mmoja mkubwa ungehudumia mji mzima, ni watu wachache sana ambao wangeweza kuzungumza kwa wakati mmoja.

Ufumbuzi ni kuligawa eneo katika vipande vidogo viitwavyo seli. Kila seli hupewa mnara wake wenye nguvu ndogo, kiasi kwamba mawimbi yake hayafiki mbali. Hivyo masafa yanayotumika katika seli moja yanaweza kutumika tena katika seli nyingine iliyo mbali kidogo, pasipo kuvurugana. Mtu anayesafiri kwa basi kutoka Lilongwe kwenda njia panda ya Dowa hupita seli moja baada ya nyingine, na mitambo humkabidhi kutoka mnara hadi mnara bila mazungumzo yake kukatika.

Kazi ngumu ya mhandisi ni kuamua minara ikae wapi. Kilima huzuia mawimbi, majengo huyarudisha, na mji wenye watu wengi huhitaji seli ndogo zaidi kuliko mashamba. Mnara mmoja kupita mahitaji ni hasara, na mnara mmoja pungufu ni malalamiko. Huu ndio ujuzi ambao Ibrahim alikuwa nao wakati watu wachache sana duniani walikuwa nao.

Kutoka British Telecom hadi kampuni yake mwenyewe

Mwaka 1983 aliajiriwa na British Telecom kuwa mkurugenzi wa ufundi wa Cellnet, kampuni tanzu iliyokuwa ikijenga mojawapo ya mitandao miwili ya kwanza ya simu za mkononi nchini Uingereza. Mtandao huo ulianza kazi mwezi Januari mwaka 1985. Simu za wakati ule zilikuwa nzito, na nyingi zilifungwa ndani ya magari.

Alidumu huko hadi mwaka 1989. Kampuni ile kubwa ilikuwa na taratibu ndefu, na mara nyingi wahandisi walijua la kufanya kabla wakuu wao hawajalikubali. Ibrahim aliacha kazi, akaanzisha kampuni ya ushauri aliyoiita Mobile Systems International, au MSI kwa kifupi. Alianzia nyumbani kwake.

Biashara ya MSI ilikuwa kuuza maarifa. Kampuni nyingi za Ulaya na kwingineko zilipewa leseni za simu za mkononi zikiwa hazina wataalamu wa kupanga minara. MSI iliwachorea mitandao yao, na ikatengeneza programu ya kompyuta ya kukokotoa mawimbi yatakavyosambaa katika eneo fulani. Kampuni ilipouzwa kwa Marconi mwaka 2000, bei yake ilikuwa takriban dola milioni 900, na wafanyakazi walikuwa miongoni mwa wenye hisa. Desturi hiyo ya kuwapa wafanyakazi hisa aliihamishia pia katika kampuni yake ya pili.

Hapa ndipo mhandisi alipoanza kuwa mkuu wa kampuni. Mshauri hulipwa kwa kazi aliyoagizwa, iwe mteja atapata faida au hasara. Mwenye kampuni ya simu hubeba hasara mwenyewe. Ibrahim aliingia katika kundi hili la pili kwa sababu wateja wake walikataa kwenda alikoona yeye kuwa kuna watu wanaohitaji simu.

Hesabu ambayo wengine hawakuifanya

Katika miaka ya 1990 serikali nyingi za Afrika zilianza kutoa leseni kwa kampuni binafsi za simu. Leseni hizo zilikuwa rahisi, na wakati mwingine hazikulipiwa chochote, ilhali barani Ulaya kampuni zilikuwa zikishindania leseni kwa fedha nyingi. Pamoja na hayo, kampuni kubwa hazikuja.

Ibrahim amesimulia mara kadhaa jinsi alivyomshauri mkuu wa kampuni mteja wake aende Uganda. Mkuu huyo alimjibu kuwa hawezi kuiambia bodi yake kwamba anakwenda kufanya biashara katika nchi ya Idi Amin. Amin alikuwa amekwisha kupinduliwa tangu mwaka 1979. Kwa Ibrahim, jibu lile lilikuwa na maana ya kibiashara: mahali ambapo sifa mbaya ni kubwa kuliko ubaya wenyewe, mtu ajuaye ukweli anaweza kununua kwa bei nafuu.

Mwaka 1998 alianzisha MSI Cellular Investments, ambayo mwaka 2004 ilichukua jina la Celtel International. Tatizo la kwanza lilikuwa fedha. Mabenki yalisita kuikopesha kampuni iliyotaka kujenga minara Kongo, Sierra Leone na Chad. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ujenzi wa mwanzo ililipiwa kwa mtaji wa wanahisa. Miongoni mwao yalikuwamo mashirika ya umma ya kuendeleza uwekezaji, kama vile CDC ya Uingereza na IFC, ambalo ni tawi la Benki ya Dunia linalohusika na sekta binafsi.

Tatizo la pili lilikuwa mteja mwenyewe. Kampuni za Ulaya ziliandikiana mikataba na wateja wenye akaunti za benki na anwani za kudumu, kisha zikawapelekea ankara kila mwezi. Mkulima wa Dowa au muuza samaki wa Kalemie hakuwa na kimojawapo. Jibu lilikuwa kulipia kabla: mteja hununua kadi ya bei ndogo, huweka salio, au unité kama wasemavyo wenzetu wa Goma na Bukavu, na huzungumza hadi liishe. Kampuni haihitaji kujua mshahara wake wala kumdai. Asiye na salio naye hubipu, akapigiwa na mwenye nacho.

Njia hii ilimfungulia mlango mtu ambaye mabenki hayakumtambua. Mkimbizi alikuwa mmoja wao.

Celtel yaingia Malawi

Simu za mkononi zilikuwapo Malawi kabla ya Celtel. Kampuni ya TNM, iliyoanzishwa kwa ubia wa shirika la posta na simu la taifa na Telekom Malaysia, ilianza kazi mwaka 1995. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Mawasiliano iliyounda MACRA, mamlaka ya kusimamia sekta hiyo, na mwaka uliofuata Celtel ikafungua huduma zake. Makao yake makuu yaliwekwa Lilongwe, na hadi leo Airtel Malawi inaongozwa kutoka jiji hilo.

Kuwapo kwa kampuni ya pili kulileta ushindani, na ushindani ukazilazimisha kampuni kuwatafuta wateja nje ya Blantyre na Lilongwe. Minara ilifuata barabara kuu, kisha miji midogo, kisha masoko ya vijijini. Wilaya ya Dowa, ambamo Dzaleka imo, iko kaskazini ya Lilongwe kwa mwendo wa kilomita 45 hivi, jirani na barabara kuu iendayo Kasungu na Mzuzu.

Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza katika enzi ya Rais Kamuzu Banda, ambamo wapinzani wa kisiasa walifungwa. Mwaka 1994 ilifunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi, yakikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wanaishi humo zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, pamoja na Wasomali na Waethiopia. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, makanisani na misikitini.

Kwa watu waliotawanyika kiasi hiki, simu ina kazi tofauti na ile ya mwenyeji. Ndiyo njia ya kujua nani yu hai, nani kavuka Ziwa Tanganyika, nani kafika Nyarugusu au Kakuma, na nani kaitwa kwa safari ya nchi ya tatu. Hakuna aliyeijenga Celtel kwa ajili ya wakimbizi, lakini mtandao uliojengwa kwa kuamini kwamba maskini naye ana la kusema uliwafikia.

Kongo: minara kabla ya barabara

Celtel ilianza kazi Kongo-Brazzaville mwishoni mwa miaka ya 1990 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2000, wakati vita vikiendelea. Ibrahim ameeleza kuwa mahali pengi hapakuwa na barabara ya kupitisha vifaa, hivyo vilibebwa kwa helikopta. Hapakuwa na umeme wa kutegemewa, kwa hiyo mnara ulihitaji jenereta, jenereta ilihitaji dizeli, na dizeli ilihitaji mtu wa kuileta na mtu wa kuilinda. Gharama ambazo mhandisi wa London hakuwahi kuziandika katika hesabu zake, hapa zilikuwa mstari wa kwanza.

Mfano mmoja unaonyesha vizuri namna alivyofikiri. Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu miwili inayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya Mto Kongo. Hata hivyo, simu kutoka mmoja kwenda mwingine ilikuwa ikisafiri kwa setilaiti hadi Ulaya kabla ya kurudi, na mpigaji alilipia safari yote hiyo. Celtel, ikiwa na leseni pande zote mbili, iliunganisha miji hiyo kwa mawimbi yaliyorushwa moja kwa moja juu ya mto. Kiufundi lilikuwa jambo jepesi, ila lilihitaji serikali mbili zikubali kwamba majirani waweze kuzungumza bila kupitia Ulaya.

Kampuni hiyo pia ilikuwa miongoni mwa za kwanza Afrika kujaribu malipo kwa simu. Huduma yake ya Celpay ilianza Zambia mwaka 2002, miaka mitano kabla ya M-Pesa ya Kenya, ikafika na Kongo. Huko baadaye Celpay ilitumika kuwalipa wapiganaji waliosalimisha silaha na kurejea uraiani, kwa sababu kusafirisha noti hadi walipo ilikuwa hatari. Malawi ilipata Airtel Money mwaka 2012, nayo leo ni jambo la kila siku hata kwa asiyewahi kuingia benki.

Kanuni ya hongo

Kampuni ya simu haiwezi kufanya kazi bila karatasi za serikali. Inahitaji leseni, masafa, vibali vya kusimamisha minara, ruhusa ya forodha na mikataba ya viwanja. Kila karatasi ina afisa wake, na kila afisa anaweza kuichelewesha.

Ibrahim na wenzake waliliona hilo mapema. Waliunda bodi yenye watu wazito, kisha wakaweka kanuni kwamba malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 hayatatolewa popote barani bila idhini ya bodi. Kanuni hiyo ilimpa meneja aliyeko mbali kinga. Akiombwa kitu kidogo na mkubwa fulani, angeweza kujibu kwa ukweli kwamba mamlaka ya kutoa fedha hayako mikononi mwake.

Si rahisi kwa mtu wa nje kuthibitisha kila malipo ya kampuni iliyofanya kazi katika nchi 13. Lakini kanuni yenyewe inafundisha jambo la uongozi ambalo uhandisi unalijua tangu zamani. Mhandisi hatumaini kwamba daraja halitazidiwa uzito. Huhesabu uzito na kuweka nguzo. Vivyo hivyo, Ibrahim hakutegemea uadilifu wa meneja peke yake, bali aliweka utaratibu utakaombeba siku atakapobanwa.

Mtandao mmoja, mipaka mingi

Kufikia mwaka 2004 Celtel ilikuwa pia Tanzania, ilikoanza mwaka 2001, na Kenya, ambako ilinunua asilimia 60 ya hisa za KenCell kwa dola milioni 250. Ramani yake ilianza kufanana na njia za biashara na za wakimbizi.

Mwezi Septemba mwaka 2006 kampuni ilizindua huduma iliyoitwa One Network kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja aliyevuka mpaka alipiga simu kwa bei ya nchi aliyomo, alipokea simu bila malipo, na aliweza kuweka salio kwa kadi iliyonunuliwa hapo hapo. Kabla ya hapo, kupokea simu ukiwa nchi ya jirani kulikuwa ghali, na wafanyabiashara wa mipakani walitembea na laini mbili tatu mfukoni. Mwaka 2007 huduma hiyo ilifikishwa Kongo zote mbili na Gabon, na baadaye mwaka huo huo ikafika Malawi na nchi nyingine kadhaa.

Kwa muda, basi, mwenye laini ya Celtel ya Lubumbashi angeweza kuitumia Lilongwe kama yu nyumbani. Haikuwa hivyo kwa Mrundi wala Mnyarwanda, kwa kuwa Celtel haikuwa na mtandao nchini mwao. Na hata kwa Mkongomani, kilichovuka mpaka kwa urahisi kilikuwa sauti. Mwenye sauti alibaki chini ya sheria nyingine.

Kuuzwa kwa kampuni, na lawama zake

Mwaka 2005 Celtel ilikuwa ikijiandaa kuuza hisa zake katika soko la London, ndipo zikaja ofa za kuinunua yote. Iliuzwa kwa kampuni ya MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4 hivi. Ibrahim alibaki mwenyekiti hadi mwaka 2007. MTC ilijibadili jina kuwa Zain, na mwaka 2010 iliuza sehemu kubwa ya mitandao yake ya Afrika kwa Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7.

Wako wanaoisifu biashara hiyo kwa kuwa iliuonyesha ulimwengu kwamba mwekezaji anaweza kupata faida halali Afrika. Wako pia wanaoitazama kwa jicho jingine. Celtel ilisifiwa kuwa kampuni ya Kiafrika, lakini ilisajiliwa Uholanzi, na ilipokua ikauzwa nje ya bara. Wamalawi waliokuwa wakiilipa kila siku kwa kadi ndogo ndogo hawakuwa na njia ya kununua hata hisa moja ya kampuni ya nchini mwao hadi mwaka 2020, pale Airtel Malawi ilipoorodheshwa katika Soko la Hisa la Malawi. Pande zote mbili zina ushahidi wao, na msomaji anaweza kuyapima mwenyewe.

Baada ya biashara

Mwaka 2006 alianzisha Taasisi ya Mo Ibrahim, inayoshughulikia uongozi bora barani Afrika. Kila mara taasisi hutoa faharasa inayopima utendaji wa serikali za Afrika kwa takwimu, kuanzia usalama hadi afya na elimu. Mtu anaweza kuona humo mkono wa mhandisi: asichokipima, hakiamini.

Taasisi hiyo hutoa pia tuzo kwa kiongozi wa nchi aliyechaguliwa kwa kura, akaongoza vyema na kuondoka madarakani kwa wakati uliowekwa na katiba. Tuzo ni dola milioni 5 zinazolipwa kwa miaka kumi, na katika utaratibu wake wa awali iliongezewa dola 200,000 kila mwaka baada ya hapo. Walioipata ni Joaquim Chissano wa Msumbiji mwaka 2007, Festus Mogae wa Botswana mwaka 2008, Pedro Pires wa Cabo Verde mwaka 2011, Hifikepunye Pohamba wa Namibia kwa mwaka 2014, Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia kwa mwaka 2017, na Mahamadou Issoufou wa Niger kwa mwaka 2020. Nelson Mandela alipewa tuzo ya heshima mwaka 2007. Kamati ya tuzo imewahi kuongozwa na Kofi Annan na pia Salim Ahmed Salim wa Tanzania. Miaka mingi kamati hiyo ilitangaza kuwa haikumwona anayestahili, na fedha hazikutolewa.

Somo kwa Dzaleka, na mpaka wake

Ni rahisi kuichukua habari ya Mo Ibrahim kama hadithi ya bidii: soma, jitume, utafanikiwa. Msomaji wa Dzaleka anajua kuwa hesabu hiyo ina tarakimu inayokosekana.

Ibrahim aliihama nchi yake, lakini hakuwa mkimbizi wa kambini. Huko Uingereza aliweza kuajiriwa, kuacha kazi, kusajili kampuni na kusafiri. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ikiweka pingamizi katika vifungu kadhaa, vikiwamo vya ajira na uhuru wa kutembea. Mwezi Machi mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka kufikia tarehe 15 Aprili, na mwezi Mei polisi walianza kuwakusanya kwa nguvu Lilongwe na kwingineko. Wako waliopoteza maduka yaliyojengwa kwa miaka. Hata laini ya simu, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2016, lazima isajiliwe kwa kitambulisho, na kwa mkimbizi kitambulisho ni safari yenye foleni yake.

Pamoja na hayo, ujuzi unaendelea kukua kambini. TakenoLab, kituo kilichoanzishwa na wakimbizi wenyewe, kimewafundisha vijana kuandika programu za kompyuta. Kazi ya namna hiyo inaweza kufanywa kwa mteja aliye mbali, mradi pawe na umeme, intaneti na njia halali ya kupokea malipo. Tatu hizi ndizo minara na dizeli za kizazi hiki, na mbili kati yake zinategemea maamuzi ya ofisi za Lilongwe.

Hapo ndipo habari ya Ibrahim inawahusu wenye maamuzi kuliko vijana. Faida yake kubwa ilitoka kwa watu ambao kampuni nyingine ziliwaona kuwa hatari, wasio na pato wala anwani. Walipopewa njia ya kulipa kidogo kidogo, wakathibitika kuwa wateja. Makisio yaliyomfanya mwenye kampuni akatae kwenda Uganda yalikuwa ya zamani kwa miaka mingi. Serikali inayomwona mkimbizi mwenye ujuzi kuwa mzigo, nayo inaweza kujiuliza makisio yake ni ya mwaka gani.

Tarehe muhimu

1946: Azaliwa kaskazini mwa Sudan.
1974: Ahamia Uingereza kwa masomo.
1983: Awa mkurugenzi wa ufundi wa Cellnet.
1989: Aanzisha kampuni ya ushauri ya MSI.
1998: Aanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Celtel.
1999: Celtel yaanza huduma Malawi.
2000: Celtel yaanza huduma Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, MSI yauzwa kwa Marconi.
2005: Celtel yauzwa kwa MTC ya Kuwait.
2006: Taasisi ya Mo Ibrahim yaanzishwa, One Network yazinduliwa Afrika Mashariki.
2007: Aachia uenyekiti wa Celtel, One Network yafika Malawi.
2010: Mtandao wachukuliwa na Bharti Airtel.